Meno ya Papa, Mjusi wa Tendaguru na Watu Ambao Majina Yao Hayakuandikwa

Ukipanda kutoka Mombo, ukapita Soni, ukafika Lushoto mjini na bado ukaendelea kupanda, unaingia Magamba. Baridi ipo, ukungu upo, kabichi na karoti zipo, na msitu mnene wa hifadhi upo. Bahari huioni hata ukipanda juu ya mti. Ila jina la mahali, ukilisikia kwa Kiswahili cha kila siku, linakupeleka moja kwa moja feri kwa wauza samaki. Magamba si ndiyo yale anayoparuliwa samaki kabla ya kuingia kikaangoni?

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Magamba ya papa ni meno. Kabisa, sio mfano. Ngozi ya papa imefunikwa na vipande vidogo sana vyenye muundo uleule wa jino: kiini laini ndani, kisha sehemu ngumu, kisha utando mgumu zaidi juu. Ndiyo maana ukimpapasa papa kutoka mkiani kuelekea kichwani anakukwaruza kama msasa, na zamani mafundi wa nchi mbalimbali walitumia ngozi yake kulainishia mbao.

Kwa hiyo swali la kizushi: mtu akichukua jembe akazunguka milima ya Magamba, anaweza kuokota jino la papa wa kale?

Jibu ni hapana, na sababu yake inafungua hadithi ndefu. Ni hadithi ya meno, mifupa, maua na vinyonga vilivyookotwa nchi hii vikapelekwa mbali, vikapewa majina ya watu. Na ni hadithi ya watu walioviokota kwa mikono yao ambao wao hawakupewa hata mstari mmoja.

KWA NINI MAGAMBA HAKUNA

Papa hana mifupa kama ya ng'ombe au ya binadamu. Mwili wake umeshikiliwa na gegedu, kitu kama kile cha kwenye sikio lako. Papa akifa, gegedu huoza na kupotea haraka, mara chache sana inabaki. Kinachobaki ni meno.

Na meno anayo ya kumwaga. Papa anazaliwa na safu za meno zilizopangana nyuma ya nyingine. La mbele likidondoka, la nyuma linasogea. Maisha yake yote yuko hivyo, na baadhi ya papa hupoteza maelfu kwa maelfu ya meno kabla ya kufa. Meno hayo yanazama chini ya bahari, yanafunikwa na mchanga na matope, madini yanaingia polepole, rangi inageuka kuwa ya kahawia, kijivu au nyeusi. Baada ya miaka mamilioni, tope limekuwa mwamba, na jino limo ndani yake. Hicho ndicho kisukuku.

Kwa hiyo ili upate jino la papa unahitaji mwamba uliotokana na tope au mchanga wa bahari. Miamba ya Usambara haikupita njia hiyo. Ni miamba iliyozikwa kilomita nyingi chini ya ardhi, ikapikwa kwa joto na kubanwa hadi ikageuka sura, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Wakati huo hata papa mwenyewe alikuwa hajatokea duniani. Hata kama kungekuwa na kitu ndani, kingeungua kikaisha.

Ila shuka chini. Toka Lushoto rudi Mombo, nenda mpaka Tanga mjini, kisha mapango ya Amboni. Pale mwamba ni chokaa ya zama za Jurasiki, chokaa iliyotengenezwa na bahari. Yaani ndani ya mkoa mmoja wa Tanga una milima ambayo ni mizee kuliko papa, na una pwani ambayo mawe yake yalizaliwa baharini papa wakiwa wanaogelea. Safari ya basi ya saa chache tu.

WALE WAVUVI WA LIVORNO

Kabla ya kuendelea na Tanzania, kuna kisa kimoja cha Ulaya ambacho kinasaidia.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliokota meno ya papa kwenye miamba, hasa kisiwa cha Malta, wakawa hawajui ni nini. Waliyaita ndimi za mawe. Wengine walisema yameanguka kutoka angani. Wengine walisema ni ndimi za nyoka waliogeuzwa mawe. Matajiri waliyavaa na kuyachovya kwenye vinywaji wakiamini yanaondoa sumu. Ilikuwa dawa na pambo kwa wakati mmoja.

Mwaka 1666 papa mkubwa alivuliwa karibu na mji wa Livorno, Italia. Mtawala wa eneo hilo akaagiza kichwa kipelekwe kwa daktari Mdenmark aliyekuwa Firenze, Nicolaus Steno, akipasue. Steno akaangalia mdomo, akaangalia ndimi za mawe, akaona ni kitu kilekile. Mwaka uliofuata akaandika. Hakuwa wa kwanza kusema hivyo, lakini maelezo yake ndiyo yaliyokaa, na leo anatajwa kama mmoja wa baba wa elimu ya miamba.

Steno ana jina. Mtawala ana jina. Wavuvi waliomtoa yule papa majini, wakahatarisha mikono yao kwa meno yale yale, historia inawaita wavuvi. Basi.

Kariri hilo, kwa sababu linarudi.

UA LA USAMBARA LINA JINA LA NANI?

Rudi sasa Usambara, miaka ya 1890. Wajerumani wameshika nchi. Lushoto wanaiita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, na wanaipenda kwa sababu ya baridi yake. Wakati huohuo wanakusanya. Wanakusanya mimea, wadudu, ndege, mawe, kila kitu.

Mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire. Katika misitu ya Tanga na Usambara alipata ua dogo la zambarau lenye majani yenye manyoya. Mwaka 1892 lilikuwa limeshatumwa kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi: Saintpaulia. Leo ua hilo liko madirishani dunia nzima, biashara yake ni kubwa, na Wajerumani mtaani wanaliita urujuani wa Usambara. Angalau mlima umetajwa.

Lakini fikiria kidogo. Mkuu wa wilaya wa kikoloni hakuwa mtu wa kutembea peke yake msituni. Kulikuwa na wapagazi, kulikuwa na waongozaji wanaojua njia, mto unavukwa wapi na jabali gani lina unyevunyevu mwaka mzima. Hao walilifahamu ua lile tangu utotoni. Hakuna ua linaloitwa kwa jina lao.

Kwenye mawe ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1893 huohuo, msomi Mjerumani aitwaye Tornquist alichapisha maelezo ya visukuku vya bahari ya Jurasiki kutoka Mtaru, vilivyokusanywa na Dokta Franz Stuhlmann. Ni viumbe wenye magamba yaliyojisokota kama pembe za kondoo, waliokuwa wakiishi bahari moja na papa. Huyu Stuhlmann ndiye baadaye, mwaka 1902, akawa kiongozi wa kwanza wa taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara Mashariki. Jina lake lipo kwenye kichwa cha andiko lile. Aliyebeba mzigo wa mawe, hayupo.

KUSINI, MWAKA 1906

Hayo ya Usambara ni madogo ukilinganisha na kilichotokea kusini, kwenye koloni hilohilo na chini ya serikali hiyohiyo. Hapo ndipo penye kisa kikubwa zaidi cha kuokota visukuku katika historia ya Tanzania, na hapo ndipo meno ya papa yanaporudi.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler alikuwa njiani kuelekea machimbo kusini mwa mto Mbwemkuru, Lindi. Karibu na kilima kinachoitwa Tendaguru, jina la Kimwera, aliona mifupa mikubwa isiyo ya kawaida ikitokeza njiani. Vitabu vingi vinasema Sattler "aligundua".

Taratibu kwanza. Mifupa hiyo alioneshwa. Wafanyakazi wake wenyeji ndio waliomwonesha. Na mifupa ilikuwa kwenye njia. Njia haijichongi yenyewe. Ikiwa kuna njia, kuna watu waliopita pale kila siku wakienda shambani, wakienda kuteka maji, wakirudi kwenye msiba. Waliiruka ile mifupa miaka na miaka.

Walioonesha walikuwa akina nani? Walikuwa wangapi? Majina yao nani? Huo ndio mwanzo wa ugunduzi mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika kwa wakati ule, na mtu wa kwanza kabisa kwenye mnyororo hana jina.

Kumbuka pia mwaka wenyewe. 1906 ni katikati ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 na kuisha 1907. Kusini ilichomwa. Mashamba na maghala yaliteketezwa makusudi, njaa ikaingia, na makadirio ya baadhi ya wanahistoria yanafika watu 300,000 waliokufa kwa vita na njaa. Juu ya hapo kulikuwa na kodi ya kulipwa kwa fedha. Ukijua hilo utaelewa kwa nini, ilipotangazwa kazi ya kibarua ya kuchimba mifupa, watu walikwenda.

VIBARUA MIA TANO NA MIZIGO KICHWANI

Mwaka 1907 alifika mtaalamu Eberhard Fraas, akachimba kidogo na kupeleka mifupa Stuttgart. Mwaka 1909 makumbusho ya Berlin yakaja kwa nguvu zote. Viongozi walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye akaja Hans Reck. Kazi ilikwenda mpaka 1913.

Walianza na vibarua mia na kitu. Kufikia katikati ya kazi walikuwa karibu 500, na ukihesabu wake na watoto, pale kilimani paligeuka kuwa kama kijiji kizima. Wanaume walichimba mashimo kwa jembe na sururu. Mfupa ukionekana, sururu inawekwa pembeni, inaingia kazi ya taratibu kwa kisu na brashi, kwa sababu mfupa wa mawe ukidondoka unavunjika kama chungu. Vipande vilifungwa kwa plasta na udongo, vingine vikafungiwa ndani ya mianzi iliyokatwa na kusukwa.

Halafu vikabebwa. Hapakuwa na gari, hapakuwa na reli, na mnyama wa mizigo angekufa kwa mbung'o. Vilibebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kama nne. Jumla ya mzigo uliofika Berlin unazidi tani 200. Soma tena: tani mia mbili, kwa shingo za watu. Lori la tani kumi lingekwenda safari ishirini.

Katika wote hao, mmoja anajulikana vizuri: Boheti bin Amrani. Alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, na ndiye aliyekuwa fundi hodari wa kutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Wajerumani wenyewe walimtegemea na walimwandika. Picha yake ipo. Lakini huyo ni mmoja. Mia nne tisini na kitu waliobaki wako kwenye picha wakiwa wamesimama mstari, na chini ya picha pameandikwa neno moja tu kwa wote.

JINO DOGO KULIKO UKUCHA

Kila Mtanzania amesikia habari za mjusi wa Tendaguru. Yule aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, ambaye mpaka leo watu wanapiga picha chini yake. Hadithi yake imefika mpaka bungeni, arudishwe, asirudishwe, Tanzania inapata nini. Wachache wanajua kwamba sio mjusi mmoja. Ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja.

Na wachache zaidi wanajua kwamba Tendaguru ilikuwa ufukweni. Miaka kama milioni 150 iliyopita pale palikuwa na bahari ya kina kifupi, maji yakijaa na kupwa kama unavyoona leo. Ndiyo maana tabaka za mwamba zinapishana: moja ina mifupa ya madubwana ya nchi kavu, inayofuata imejaa kombe za baharini. Na kwenye maji yale papa walikuwepo.

Mwaka 2002 watafiti walichapisha maelezo ya samaki wa Tendaguru. Humo kuna papa wa kale wa aina ya Hybodus, Lonchidion na Sphenodus, na kuna ndugu wa papa wa jamii ya taa ambaye hakuwa akijulikana popote duniani. Wakamwita Engaibatis schultzei. Ushahidi wao mkubwa ni meno, meno madogo mno.

Jino la namna hii hulioni ukiwa umesimama. Unachukua udongo wa mwamba, unaulainisha, unauosha kwenye chekeche zenye matundu madogo, unakausha kinachobaki, halafu unakaa chini na lensi na sindano, punje kwa punje, kama mama anayechagua mchele. Siku nzima unaweza kupata meno mawili. Au sifuri.

Watu wanaotafuta meno makubwa ya papa aitwaye megalodoni, yale yanayofika sentimita 18, hupiga picha nayo na kuyauza kwa bei. Lakini jino kubwa linakwambia palikuwa na papa mkubwa. Meno madogo ndiyo yanakwambia maji yalikuwa ya aina gani, nani alikula nini, bahari ilifika wapi. Mjusi wa mita 13 bila jino la milimita chache hana nyumba. Hujui alikuwa akitembea wapi.

Watu nao ni hivyohivyo. Wakubwa wameandikwa. Wadogo ndio waliobeba ushahidi, na wadogo ndio wanaopita kwenye chekeche wakapotea.

NANI ANAPEWA JINA

Kwenye sayansi kuna utaratibu: anayeandika maelezo ya kiumbe kipya ndiye anayetoa jina. Angalia majina ya Tendaguru yalivyotolewa. Brancai, kwa heshima ya mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin. Hansemanni, kwa heshima ya daktari aliyesaidia kuchangisha fedha. Sattleri, kwa heshima ya yule mhandisi aliyeoneshwa. Janenschia, kwa heshima ya kiongozi wa msafara. Mmoja akaitwa lettowvorbecki, kwa jina la jenerali wa Kijerumani aliyepigana vita ya kwanza ya dunia kwenye ardhi hii, vita iliyoua wapagazi wengi wa Kiafrika kuliko askari wake.

Yaani mchangishaji wa fedha aliyebaki Berlin ana mnyama. Aliyechimba mnyama hana.

Tuwe wa haki. Janensch alifanya kazi ya maisha yake yote kwenye mifupa ile, na bila maandishi yake leo tusingejua tunazungumzia nini. Boheti pia anajulikana kwa sababu wao walimwandika. Kosa halikuwa kwamba Wajerumani walijiandika. Kosa ni kwamba walipoandika walihesabu vibarua kama idadi na mizigo kama uzito.

Na mambo yanabadilika, polepole. Mwaka 2007 mtafiti Kristian Remes alitoa jina Australodocus bohetii. Hiyo bohetii ni Boheti bin Amrani. Karibu miaka mia moja baada ya kazi yake. Mwaka 2019 akaja Wamweracaudia keranjei, aliyetambuliwa kwa mifupa ya mkia. Jina la kwanza ni Wamwera wenyewe, kabila zima. La pili ni Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mifupa ile. Mwaka huohuo kiumbe mwingine, kutoka kusini magharibi mwa Tanzania, akapewa jina Mnyamawamtuka moyowamkia. Ukilisoma huhitaji mkalimani. Kabla yake, mwaka 2017, alikuwepo Shingopana. Na Kenya, nyani wa kale aliyepewa jina Proconsul heseloni anabeba jina la Heselon Mukiri, mmoja wa wachimbaji hodari wa Afrika Mashariki, tangu mwaka 1993.

Atakuja mtu aseme, jina linasaidia nini? Jina halilipi ada. Halimrudishii mzee shingo yake. Ni kweli. Lakini waulize wajukuu wa mtu kama wanaona sawa babu yao aitwe "mbebaji mmoja". Mtu akiwa na jina unaweza kuuliza alilipwa kiasi gani, alitoka kijiji gani, alikufa wapi. Asipokuwa nalo, hata pa kuanzia kudai hakuna. Mjadala wote wa mjusi kurudi au kubaki unazungumzia mifupa ni ya nchi gani. Ni nadra kusikia ikiulizwa ni jasho la ukoo gani.

MKOA WA TANGA, LEO

Usidhani haya yameisha na Wajerumani. Mwaka 2003 wavuvi wa Tanga walianza kupata samaki wa ajabu kwenye jarife, zile nyavu nzito wanazotegea papa. Samaki mwenye mapezi kama miguu. Alikuwa silikanti, ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za madubwana, mpaka alipopatikana akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Anaitwa kisukuku kinachoishi. Kwa sababu yake, mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya silikanti Tanga.

Wavuvi waliomtoa majini wanaitwaje kwenye taarifa? Wavuvi. Karne tatu na nusu baada ya Livorno, neno ni lilelile.

Na kule juu, Magamba, hadithi iko hai pia. Msitu una vinyonga wasiopatikana kwingine zaidi ya Usambara Magharibi. Mwaka 2006 kundi lao lilipewa jina la kisayansi Kinyongia, neno letu kabisa, kinyonga. Lakini ndani ya kundi hilo yupo wa Usambara Mashariki anayeitwa vosseleri, kwa jina la mtaalamu Mjerumani aliyefanya kazi Amani. Kijana wa Kisambaa anayewaongoza wageni usiku na tochi, anayemwona kinyonga kwenye tawi la mita nne wakati mgeni anaona majani tu, ndiye mtafutaji wa leo. Picha inapigwa, mgeni anaondoka nayo, chini yake panaandikwa jina la kinyonga na jina la mpiga picha.

Kwa hiyo ukiwa Amboni, Kilwa, Lindi au popote penye mwamba wa bahari, ukaona kitu cheusi chenye pembe tatu kinang'aa kwenye jiwe, kwanza usikichokoe kwa kisu. Kuchimba na kusafirisha mabaki ya kale kunahitaji kibali, na jino lililotolewa bila kujulikana limetoka tabaka gani limepoteza nusu ya habari zake. Piga picha, weka kitu cha kupimia pembeni, andika mahali na tarehe, toa taarifa kwa watu wa mambo ya kale.

Halafu andika na jina la aliyekiona kwanza. Kama ni mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi, andika jina la huyo mtoto, na la baba yake, na la kijiji. Sattler alioneshwa na watu. Kilichokosekana pale Tendaguru mwaka 1906 ni mtu wa kuuliza: na wewe uliyenionesha, unaitwa nani?

Kwenu je? Kuna mzee anayesimuliwa kwamba babu yake alibeba mizigo ya Wajerumani, au alichimba kitu kikapelekwa mbali? Muulize jina lake lote, mapema, kabla mzee hajaondoka nalo.